Ushauri wa Ulinzi na Funzo la Salaita

Kuanzishwa kwa Chuo Kikuu cha Ulinzi wa Taifa mwaka 2021 kumewafumbua vijana macho. Ushauri wa mikakati ya ulinzi na usalama wa taifa, kazi iliyodhaniwa kuwa ya majenerali waliostaafu, sasa yaweza kutajwa hata na mwanafunzi wa Voi au Wundanyi. Hilo si baya. Linalotia shaka ni dhana kwamba kazi hiyo husomewa Nairobi, London au Washington pekee, ilhali darasa lake mojawapo li kando ya barabara iendayo Taveta.

Kilima cha Salaita hakina urefu wa kumtisha mtu. Wajerumani waliiteka Taveta mwezi Agosti 1914 wakakitwaa, na Waingereza wakajenga reli kutoka Voi kupitia Maktau ili wawafikie. Tarehe 12 Februari 1916 Jenerali Wilfrid Malleson aliwatuma askari wa Afrika Kusini, wageni katika nchi hii, wakishambulie. Wakuu walikadiria kwamba kilikuwa na watetezi wapatao 300 wasio na mizinga. Kumbe walikuwa zaidi ya 1,000, na mizinga walikuwa nayo! Ndege za upelelezi zilikuwa zimeona mahandaki kileleni, basi mizinga ya Waingereza ikakipiga kilele. Mahandaki ya kweli yalikuwa chini, penye kitako cha kilima, yamefichwa na vichaka. Waafrika Kusini walirudi nyuma wakiwa wamepungukiwa na watu zaidi ya 130, waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea. Waliowakinga wasiangamizwe ni Wabaluchi wa jeshi la India, ambao hapo awali walidharauliwa kwa rangi yao.

Malleson hakuwa mbumbumbu; aliwahi kutumikia ujasusi wa jeshi hilo hilo la India. Aliuamini mno uoni wa kutoka juu. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts alikizunguka kilima kwa upande wa Ziwa Chala, na Wajerumani wakakihama.

Kosa la Kasigau lilikuwa zito zaidi, nalo halitajwi sana. Mwaka 1915, Wajerumani walipokiteka kituo cha Waingereza huko, wakoloni waliwashuku wenyeji kwamba wamemsaidia adui. Jamii nzima ilihamishwa kwa nguvu hadi Malindi, ambako wengi walikufa. Waliosalia hawakurejea kwao ila baada ya miaka ishirini hivi. Mtu fulani alitoa shauri hilo, na bila shaka aliliita usalama.

Kifungu cha 238 cha Katiba ya 2010 hakiishii mipakani. Chataja watu, haki zao, uhuru wao, mali yao, amani na ustawi. Kwa hiyo, katika kaunti ambayo zaidi ya nusu ya ardhi yake imo ndani ya mbuga za Tsavo, mkulima wa Sagalla aliyemaliziwa mahindi na ndovu usiku ana neno la kumwambia mshauri. Huko Sagalla wapo wakulima waliozungushia mashamba yao mizinga, ya nyuki lakini, kwa kuwa ndovu huwaogopa nyuki.

Walimu wa historia wa Voi, Mwatate na Taveta hawana haja ya kungoja mtaala mpya. Wawapeleke wanafunzi Salaita, wawasimamishe upande wa Maktau wakikitazama kilima, kisha wawaulize wao wangechimba mahandaki wapi.