KONA YA FUNDI: Kazi ndiyo inunue kifaa

Mwezi huu tunaongea juu ya gereji ndogo ya baiskeli nyumbani. Baiskeli hapa Kakuma ina majina mengi. Sisi wa Kongo tunaiita kinga, ndugu zetu wa Burundi wanasema ikinga, wenyeji wetu wanasema baisikeli. Jina lolote, ikiharibika inataka fundi.

Wiki chache zilizopita kijana mmoja niliyemfundisha hesabu alinifuata baada ya kipindi. Akasema, "Mwalimu, nimemaliza darasa la nane, nimekaa tu nyumbani. Mjomba amenitumia pesa kidogo. Nataka kununua lile boksi la spana arobaini nifungue gereji. Unaonaje?" Nikamwambia asinunue boksi. Akashangaa kweli! Basi nikamkalisha chini ya mti nikampa hadithi hii. Leo nawapa na nyinyi.

NATI ILIYOMWAGA UNGA

Mwaka 2015 nilikuwa kidato cha pili. Nyumbani tulikuwa na plaisi moja, yaani koleo, na nyundo. Kwa vitu hivyo viwili nikajiita fundi. Jirani yetu mmoja, baba wa watoto watano, akaniletea baiskeli yake niondoe pancha kwenye gurudumu la nyuma. Nikafungua nati kwa plaisi. Plaisi ikateleza, ikala pembe za nati mpaka ikawa karibu duara kama shilingi. Wakati wa kufunga nikaikaza kwa plaisi ile ile. Niliona imekaza. Kumbe wapi!

Siku ya pili yule baba akaenda kusaga mahindi ya mgao. Akiwa anarudi na unga wa mwezi mzima kwenye keria, akashuka kwenye laga. Gurudumu likavutwa upande mmoja, likasugua fremu, baiskeli ikaanguka. Yeye alichubuka goti tu, tunamshukuru Mungu. Lakini mfuko ulipasuka na unga ukamwagika kwenye mchanga. Mahindi mazima unaweza kuyaokota na kuyaosha. Unga ukishachanganyika na mchanga umekwenda.

Yule baba hakunitukana. Alikuja kwetu jioni, akakaa, akamweleza mama. Mama akaingia ndani, akapima nusu ya unga wetu akampa. Mwisho wa mwezi sisi tulikunywa uji mwepesi na hakuna mtu nyumbani aliyenisema. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Tangu siku hiyo najua kwamba kifaa kisicho chake huharibu nati kwanza, halafu kinaharibu chakula cha watu.

Kwa nini sasa nimkataze kijana boksi la spana arobaini? Kwa sababu mengi ya maboksi hayo ya bei rahisi ni chuma laini. Ukikaza kwa nguvu mdomo wa spana unapanuka, na spana iliyopanuka inakula nati sawasawa na plaisi yangu. Tena katika hizo arobaini utatumia tano au sita tu. Afadhali spana tano ngumu kuliko arobaini za mapambo.

VIFAA SABA, KWA MPANGO WA KAZI

Siri ni moja: usinunue vyote siku moja. Kazi ya leo inunue kifaa cha kesho.

1. Vifaa vya pancha. Hapa kwetu miiba ya mathenge haina likizo, kwa hiyo anza na pancha. Unahitaji pampu, msasa, solusheni, mkasi na beseni la maji. Viraka utakata kwenye tyubu ya zamani. Sugua kwa msasa tyubu na kiraka, vyote viwili. Paka solusheni nyembamba pande zote mbili, usubiri kama dakika tano mpaka ising'ae tena, ndipo ubandike na kukandamiza. Wengi wanabandika ikiwa bado mbichi, halafu wanalaumu gundi. Solusheni yenyewe ikae kivulini na kifuniko kimekazwa, maana jua letu linaikausha upesi. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi polepole. Mwiba uliovunjikia mle utashika uzi. Usipitishe kidole! Usipoutoa huo mwiba, kesho mteja yuko mlangoni tena.

2. Vijiko viwili vya kutolea tairi. Mipini ya vijiko vizito vya zamani inatosha. Sugua ncha kwenye jiwe mpaka zisiwe na makali, la sivyo utatoboa tyubu wewe mwenyewe.

3. Spana. Pesa ya pancha za kwanza iende hapa. Tafuta zile zenye mdomo wazi upande mmoja na duara upande wa pili. Namba ya spana ni upana wa nati kwa milimita, kutoka upande bapa mpaka upande bapa unaoutazama. Baiskeli nyingi za siku hizi zinataka 15 kwa nati za gurudumu la nyuma na pedali. Kwa breki na kiti mara nyingi ni 10, 13 na 14. Lakini zile baiskeli nzito za mtindo wa zamani wa Kiingereza nyingine zina nati za kipimo cha inchi, na spana ya milimita inacheza juu yake. Kwa hiyo ukienda sokoni beba nati mfukoni. Ijaribu kwenye spana: iingie bila kulazimishwa, na ikishaingia isicheze. Ile spana ya kukaza na kulegeza mdomo iache kwanza. Ni msaidizi tu, hailingani na spana ya namba yake.

4. Bisibisi mbili, ya bapa na ya nyota. Bisibisi si patasi wala si mtaimbo. Ncha ikishakatika inaharibu kichwa cha kila skurubu inayogusa.

5. Plaisi. Kazi yake ni kushika, kuvuta na kukata waya wa breki. Nati, hapana! Mimi nimeshalipa ada ya somo hilo, msilipe tena.

6. Nyundo na kipande cha mbao ngumu. Ukitaka kutoa kotapini ya pedali, legeza nati yake mpaka ifike usawa wa ncha ya pini, lakini usiitoe. Hiyo nati ndiyo inalinda uzi wa pini. Egemeza mkono wa pedali juu ya mbao chini yake, kisha piga pigo moja la nguvu. Vipigo ishirini vidogo vinapinda pini tu. Na usigonganishe nyundo mbili, chuma chake kigumu kinaweza kuruka kipande kikaingia jichoni. Miwani ya plastiki ya kukinga macho iko kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Pini inanunuliwa nyingine, jicho halinunuliwi.

7. Rula ya mwanafunzi. Ndiyo, ile ya sentimita 30! Pingili moja ya cheni ya baiskeli ni nusu inchi, yaani sentimita 1.27. Hesabu pingili 20, upime kutoka katikati ya pini ya kwanza mpaka katikati ya pini ya mwisho. Cheni mpya itakupa 25.4. Ikifika karibu 25.7 cheni imekwisha, inaanza kutafuna meno ya gia, na gia ni ghali kuliko cheni. Mwonyeshe mteja kwenye rula aone kwa macho yake. Hatasema unataka kumla pesa.

NENO MOJA JUU YA PEDALI

Spana nyingi zinapanuka na mikono mingi inachubuka kwa ajili ya pedali ya kushoto. Uzi wake umegeuzwa. Ya kulia hufunguka kama nati zote, kinyume cha mishale ya saa. Ya kushoto hufunguka kwa kufuata mishale ya saa. Kama imegoma, jiulize kwanza kama unaifungua au unaikaza.

KUTUNZA NA KUAZIMA

Adui wa kwanza wa vifaa hapa ni mchanga. Mchanga ukichanganyika na grisi unakuwa kama msasa. Jioni pangusa kila kifaa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, uweke kwenye mkebe wenye kifuniko. Cheni pia isilowe mafuta. Weka tone moja kila pingili, zungusha, halafu pangusa yaliyobaki nje, maana yale ya nje kazi yake ni kukusanya vumbi tu.

Adui wa pili ni aibu. Jirani anakuja, "Niazime spana dakika mbili." Unaona haya kukataa, na dakika mbili zinakuwa miezi miwili. Mimi nimefanya hivi. Nimechora kwa chaki umbo la kila kifaa kwenye ubao, na kila kifaa kina msumari wake. Jioni nikiona umbo tupu najua kuna kitu hakijarudi. Karibu na ubao kuna daftari, na mdogo wangu wa darasa la nne ndiye karani. Anaandika jina, kifaa na tarehe. Watu wazima wanamcheka, lakini wanarudisha! Mali bila daftari huisha bila habari.

WATOTO WAKO KARIBU

Wazazi, gereji ya nyumbani iko mahali watoto wanapochezea, basi sikilizeni hapa. Petroli na mafuta ya taa ya kusafishia gololi yasiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hasomi, anakunywa. Ikitokea amekunywa, usimtapishe, kwa sababu mafuta yakirudi juu yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mkimbize hospitali na ubebe chupa yenyewe. Tena kazi ya kusafisha ifanyike nje, mbali na jiko na sigara. Mvuke wa petroli hauonekani, lakini unafuata moto ulipo, na nyumba zetu zimebanana. Petroli afadhali uiache kabisa.

Na nyinyi dada zangu, msiseme hii ni kona ya wavulana. Kubandika kiraka kunataka subira, na rula haijui nani ameishika.

Yule kijana wangu alinunua pampu, solusheni na msasa, akabakiza pesa nyingine kwa mama yake. Juzi nimempita amekaa chini ya mti na beseni lake, wateja wawili wanangoja. Pembeni kulikuwa na spana moja mpya, namba 15. Hakuniambia kitu, aliinyanyua tu nikaiona.

Jirani yetu wa ule unga bado ananiletea baiskeli yake. Kila nikimaliza anashika nati ya nyuma kwa vidole, anaijaribu, halafu ananitazama. Simlaumu. Sasa na mimi naijaribu kabla yake.

KAZI YA NYUMBANI: Pimeni cheni ya baiskeli ya nyumbani, pingili 20, muandike kipimo. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutafungua gurudumu la mbele tuone gololi zinavyopangwa na kwa nini zisikazwe sana.

Kaeni salama.

Mwalimu wenu wa kujitolea