Santuri: acheni kubishania masikio, someni nambari

Kuna ubishi mmoja ambao umenichosha, na leo nimeamua kuutolea maoni. Ukikaa na wakusanyaji wa santuri hapa Nairobi, hata kwa nusu saa tu, utausikia: toleo la kwanza la Uingereza ndilo lenye sauti "ya kweli", la Marekani lina makelele, lililopigwa chapa hapa nyumbani ni takataka. Anayesema hivyo mara nyingi hana kipimo chochote mkononi. Ana masikio yake, ana bei aliyolipa, na ana jina la nchi lililoandikwa kwenye lebo. Basi.

Mimi ni mtu wa programu. Mtu akiniambia toleo jipya la programu fulani lina kasi kuliko la zamani, namwuliza: umepima vipi? Kwenye mashine gani? Ni nini kilichobadilika kati ya hili na lile? Kwenye santuri maswali ni yale yale. Na kinachonifurahisha ni kwamba sehemu ya majibu imechongwa kwenye santuri yenyewe, ila watu hawaitazami.

Kwa wale wasiojua santuri hutengenezwaje, ni hivi. Muziki hutoka kwenye kanda ya masta na kuingia kwenye mashine inayochonga mfereji juu ya bamba la alumini lililopakwa laka. Bamba hilo hufunikwa kwa metali, ikatoka nakala iliyo kinyume, yaani mifereji imekuwa matuta. Nakala hiyo hutoa "mama", na mama huzaa mihuri. Muhuri ndio unaokandamiza plastiki iliyopashwa moto mpaka ikawa santuri. Ukishapiga santuri elfu moja hivi huanza kuchoka, unatolewa, unawekwa mwingine.

Sasa hapa ndipo watu huchanganya mambo mawili. Santuri mbili zilizotoka kwenye laka moja lakini mihuri tofauti ni kama nakala mbili za faili moja. Moja inaweza kuwa na makovu kuliko nyingine, lakini kilichomo ni kile kile. Santuri mbili zilizotoka kwenye laka mbili tofauti ni jambo jingine kabisa. Hizo ni kama programu iliyojengwa mara mbili kutoka msimbo mmoja, kila mara na fundi tofauti aliyechagua mipangilio yake.

Na fundi wa kuchonga ana mengi ya kuchagua. Besi nzito hutaka mfereji mpana, na mfereji mpana unakula nafasi. Ndiyo maana besi hupunguzwa na sauti nyembamba hukuzwa wakati wa kuchonga, kisha kipaza sauti chako hugeuza hesabu hiyo wakati wa kucheza, kwa kufuata kanuni ya RIAA ambayo imekuwa ikitumika tangu 1954. Hata hivyo, upande wenye dakika 25 utachongwa kwa sauti ya chini kuliko wenye dakika 15. Halafu kuna suala la mahali wimbo ulipo. Kwenye LP inayozunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, sindano hupita kwenye mfereji wa nje kwa kasi ya sentimita 51 hivi kwa sekunde, lakini ikifika karibu na lebo kasi imeshuka hadi kama sentimita 21. Wimbo ule ule ukihamishwa kutoka mwanzo wa upande hadi mwisho wake utapoteza ung'avu, hata kama kiwanda ni kile kile na siku ni ile ile. Hakuna uchawi wala "roho ya Kiingereza" hapo. Ni jometri tu.

Kwa hiyo sisemi kwamba matoleo yote ni sawa. Yanatofautiana, wakati mwingine sana. Mfano unaojulikana duniani kote ni Led Zeppelin II ya mwaka 1969. Fundi Bob Ludwig aliichonga kwa sauti kubwa na besi ya nguvu, akaacha herufi RL kwenye sehemu laini iliyo kati ya mwisho wa muziki na lebo. Ludwig mwenyewe amesimulia kwamba binti wa mkuu wa kampuni, Ahmet Ertegun, aliicheza kwenye gramafoni ya bei rahisi, sindano ikawa inaruka, na kampuni ikaamuru ichongwe upya kwa upole zaidi. Leo wakusanyaji hulipa pesa nyingi kwa ajili ya zile herufi mbili. Hawa siwacheki hata kidogo. Wamejua ni nini kilibadilika, nani alikibadilisha, na alama iko wapi. Lebo ni karatasi tu, na inaweza kubandikwa juu ya chochote, lakini kilichoandikwa kwenye ile sehemu laini kimezaliwa pamoja na mfereji.

Sasa tazama kinyume chake. Kampuni ya Mobile Fidelity ya Marekani ilikuwa ikiuza matoleo ya bei ghali kwa watu wanaotaka chanzo halisi: kanda asili ya masta, moja kwa moja hadi laka. Wateja waliamini hivyo, na wauzaji waliwaambia hivyo. Mwaka 2022 kampuni ikatangaza Thriller ya Michael Jackson, nakala 40,000. Watu waliokuwa wakielewa kazi hii wakaanza kujiuliza. Toleo hilo hutumia njia fupi, ambapo laka huzaa muhuri moja kwa moja bila mama katikati, kwa hiyo laka moja hutoa santuri chache tu. Ili upate 40,000 unahitaji laka nyingi mno. Nani angeruhusu kanda ya masta ya Thriller ichezwe mara zote hizo?

Mwenye duka la santuri wa Phoenix, Mike Esposito, alilitoa jambo hilo hadharani Julai 2022, kisha akasafiri hadi California kuzungumza na mafundi wa kampuni wenyewe. Wakakubali: kanda ilikuwa ikinakiliwa kwanza kwenye mfumo wa dijitali unaoitwa DSD, ambao hupima sauti kwa biti moja moja lakini mara nyingi mno, katika aina ya DSD 256 ni mara milioni 11.3 kwa sekunde. Tena haikuanza jana. Walikuwa wameanza tangu 2011. Kesi ikafunguliwa, na mwaka 2023 ikafikiwa suluhu iliyokadiriwa kuwa ya dola milioni 25, mnunuzi akiwa na hiari ya kurudisha santuri apate pesa zake au abaki nayo kwa fidia ndogo.

Hebu lifikirie hili. Kwa zaidi ya miaka kumi, watu waliokuwa wakiapa kwamba wanasikia dijitali kwenye santuri "kama kisu sikioni" walikuwa wakisikiliza dijitali na kuisifu kuwa ni mfano bora wa analogi. Siku habari ilipotoka, wengine wakaanza kusema kumbe walikuwa wameshasikia kasoro. Mfereji haukubadilika Julai ile. Kilichobadilika ni maelezo.

Wengine walichukua funzo kwamba dijitali haina tatizo, na mimi nakubaliana nao kwa upande huo. (Kwa taarifa yako, tangu mwishoni mwa miaka ya 70 studio nyingi zilikuwa zikipitisha sauti kwenye kichelewesha cha dijitali wakati wa kuchonga laka, kwa hiyo usishangae ukiambiwa LP yako ya mwaka 1983 si "safi" kama ulivyodhani.) Lakini kampuni sitaitetea. Ilificha historia ya mabadiliko. Ukimwuzia mtu kitu kwa sababu ya nasaba yake, nasaba hiyo ndiyo bidhaa.

Basi masikio hayana kazi? Yana kazi, ila yawekwe kwenye jaribio. Kwanza rekodi santuri zote mbili kwenye kompyuta, kwa sindano ile ile, siku ile ile, baada ya kuzisafisha zote. Pili sawazisha ukubwa wa sauti, tofauti isizidi desibeli 0.1. Hatua hii ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayoua ubishi mwingi, kwa sababu nakala iliyo juu kwa nusu desibeli tu itaonekana "ina uhai zaidi" bila wewe kujua kwa nini. Tatu tumia programu kama foobar2000 yenye jaribio la ABX: inakuchezea A, inakuchezea B, kisha inakuchezea X, na wewe useme X ni ipi bila kuona jina. Ukipata 12 kati ya 16, hiyo si bahati kirahisi; anayekisia tu hufikia hapo chini ya mara 4 kati ya 100.

Wenzangu waandishi wa programu watauliza kwa nini tusilinganishe faili mbili kwa kutoa moja kutoka nyingine, tuone kinachobaki. Nimejaribu, haifai. Gramafoni haizunguki kwa kasi ile ile kabisa hata sekunde mbili mfululizo, kwa hiyo faili hukimbiana na kitakachobaki ni fujo. Hapo sikio linashinda.

Tulifanya jaribio hili watu watatu, nyumbani kwangu, tukiwa na jozi mbili. Jozi ya kwanza ilikuwa LP moja ya soul, toleo la zamani na toleo jipya lililochongwa upya: wote watatu tulizitofautisha bila shida. Jozi ya pili ilikuwa nakala mbili za santuri moja ya inchi 7 ya benga, zenye nambari zile zile kwenye sehemu laini. Mmoja wetu alikuwa ameapa kuwa yake ni bora, kwa kuwa lebo yake ni ya rangi ya kwanza. Alipata 7 kati ya 16. Kisha tukacheza kipande chenye mikwaruzo, hapo akapata zote. Alikuwa anasikia mikwaruzo, si toleo.

Na hiyo santuri ya benga ndiyo inayonifanya niandike haya yote. Ukinunua Led Zeppelin mbaya, kuna nyingine, na kuna kanda. Kwa santuri nyingi ndogo zilizotolewa Nairobi na Kisumu miaka ya 70 na mwanzoni mwa 80, hakuna anayeweza kukuonyesha kanda iko wapi. Lebo za River Road zilizaliwa na kufa, kampuni kubwa zikaondoka, mashine zikazimwa. Wenzetu wa Tanzania angalau wana maktaba ya kanda za Radio Tanzania, ambayo sasa iko chini ya TBC. Sisi tuna santuri. Kwa nyimbo hizo nakala iliyopo ndiyo masta, na kila sindano mbovu inayopita juu yake inafuta kidogo.

Ndiyo maana dharau ile ya "takataka ya nyumbani" inaniudhi. Inaudhi zaidi kwa sababu kiufundi haina msingi. Santuri ya inchi 7 huzunguka mara 45 kwa dakika, na desturi ya hapa ilikuwa kugawa wimbo sehemu mbili, ya kwanza upande A na ya pili upande B, ambako gitaa huchangamka. Kila upande una dakika chache tu, mfereji una nafasi ya kutosha, fundi anaweza kuachia besi. Ukichukua nyimbo hizo hizo ukazibana nyingi kwenye upande mmoja wa LP, unaanza kulipa gharama nilizozieleza juu. LP za Ukumbusho, zilizokusanya nyimbo za Mbaraka Mwinshehe baada ya kifo chake mwaka 1979, ni hazina, na ninazithamini. Lakini ukikuta wimbo huo huo kwenye santuri yake ndogo ya awali, ikiwa haijachakaa, sikiliza hiyo kwanza kabla ya kuamua ipi ni bora.

Muziki huo ulisafiri mbali pia. Santuri za benga alizozitoa Phares Oluoch Kanindo zilipendwa Zimbabwe kiasi kwamba kule muziki huo ukaitwa kanindo. Kwa hiyo nakala safi unayoitafuta soko la Kenyatta inaweza kuwa imelala Bulawayo, na bila nambari ya sehemu laini hutajua kama ni ile ile au ilichongwa upya.

Mimi nimeanza kufanya hivi kwa kila santuri ndogo ninayoipata. Narekodi kwa biti 24 na sampuli 96,000 kwa sekunde, naihifadhi kama FLAC bila kusafisha kelele. Usafishaji nafanya kwenye nakala nyingine, kwa sababu programu za kuondoa kelele hula sauti ya kayamba pamoja na mikwaruzo, na ukishahifadhi juu ya faili la awali huwezi kuirudisha. Kando ya faili naweka picha ya lebo za pande zote mbili na faili dogo la maandishi: nambari zilizochongwa A na B, herufi kwa herufi hata zile zilizofutwa na kuandikwa tena, aina ya sindano, tarehe, na niliipata mji gani. Kusoma nambari hizo zima taa ya chumba, shika tochi ya simu karibu na santuri kwa ubavu, izungushe polepole. Herufi zitatokea.

Ukiwa na mzee nyumbani mwenye sanduku la santuri chini ya kitanda, anza na zile zisizo na jalada.