Mkorogo na Ngozi Zetu

Ni jambo la kusikitisha kuona kwamba hapa Visiwani bado wako kina dada, na hata wanaume, wanaojichubua kwa mkorogo wakidhani kuwa weupe ndio uzuri. Biharusi wa zamani alisingwa kwa liwa na manjano ili ngozi yake inukie na ing'are, siyo ibabuke.

Baadhi ya dawa hizo zina zebaki, ambayo hupenya ngozini na kudhuru mafigo. Nyingine zina haidrokwinoni, na hiyo ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuacha mabaka meusi yasiyofutika. Kinyume kabisa cha kile kilichonunuliwa! Mwaka 2023 nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana kukomesha vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki ifikapo 2025.

Hata hivyo, hatuwatupii wanunuzi lawama zote. Msichana aliyekua akisikia nyumbani kwamba nduguye mweupe ndiye atakayeposwa mwanzo, atajiaminije? Tunawaomba wazazi wayaache maneno hayo. Na wakaguzi wa bandarini na masokoni tunawataka wayapime makopo hayo, kisha wayataje majina yake hadharani.