Bafle bapa si picha ya ukutani

Mwenye kununua bafle bapa za utando na kuzibandika ukutani kama picha ya harusi ametupa feza yake. Quad ya Uingereza ilileta ya kwake sokoni mwaka 1957, na tangu hapo kazi ni ile ile: utando mwembamba wa plastiki, ukitikiswa na umeme, unatoa sauti mbele na nyuma. Ile ya nyuma inagonga ukuta na kurudi haraka mno. Sikio halijui tena mwimbaji amesimama wapi. Zisogezwe mbele, karibu meta moja, zigeuzwe kidogo kuelekea kiti, umbali uwe sawasawa kushoto na kuume. Salon itabanwa, kweli, na wa nyumbani watanung'unika. Lakini gitaa litabaki upande wake, na mwimbaji atasimama katikati.