Nundu Haiondoki kwa Kupakwa

Wasomaji wa safu hii watakumbuka jinsi hali ilivyokuwa katika miji na vijiji vyetu miaka ishirini na zaidi iliyopita. Mtu aliyeambukizwa virusi vya UKIMWI alikuwa akihesabu siku zake. Dawa za kufubaza virusi zilikuwako duniani, walakini bei yake haikuwa ya mkulima wala ya karani. Tanzania ilipoanza kuzigawa bure mwaka 2004, watu ambao majirani walikwisha kuwakatia tamaa waliinuka vitandani, wakarudi mashambani na makazini. Hiyo ni neema ambayo hapana mwenye haki ya kuibeza.

Lakini neema hiyo ilikuja na deni lake. Miongoni mwa dawa za kwanza kutumika Afrika Mashariki ilikuwamo stavudini, ambayo aghalabu ilichanganywa na nyingine mbili katika kidonge kimoja. Kidonge hicho kiliokoa maisha ya watu wengi mno. Pamoja na hayo, stavudini iliharibu vinu vidogo vya nguvu vilivyomo ndani ya chembe za mwili, na chembe za shahamu zikaumia vibaya. Mashavu yalibonyea, mikono na miguu ikakonda hata mishipa ikasimama, makalio yakapukutika. Wengine, kwa sababu ambazo si za stavudini peke yake, shahamu iliwajaa tumboni na matitini, au ikajikusanya kisogoni ikafanya nundu. Madaktari wa Sydney, Australia, waliieleza hali hii mwaka 1998. Huku kwetu watu waliijua kwa kutazama tu. Siri ambayo mgonjwa aliitunza kwa miaka ikatangazwa na mwili wake mwenyewe.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri stavudini iondolewe hatua kwa hatua, na ikaondolewa. Hata hivyo, shahamu iliyokwisha kuhama haikurejea upesi mahali pake. Tena dawa mpya ya dolutegraviri, ambayo ni bora kwa mambo mengi, nayo ina lake: utafiti wa Afrika Kusini uliotangazwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba baadhi ya wanaoitumia, hasa wanawake, huongezeka uzito sana. Kwa hiyo jambo hili halijawa historia.

Hapo ndipo wachuuzi walipoona soko. Krimu na jeli za kupunguza tumbo zinauzwa vibandani na kwa simu, na mnunuzi huambiwa kwamba zina homoni ya kuyeyusha mafuta. Tungependa kuwa waadilifu: wazo lenyewe halikutoka hewani. Mwaka 2007 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa Marekani kwa wanaume 88 wenye virusi na vitambi, ambao kwa majuma 24 walipakwa ama jeli ya testosteroni ama jeli tupu. Shahamu iliyo chini ya ngozi ilipungua kwa waliopata homoni. Lakini ile ya ndani kabisa, inayozunguka matumbo na ini, ambayo ndiyo ya hatari kwa moyo, haikupungua kwa kiasi cha kutegemewa. Isitoshe, shahamu ya mikono na miguu ilipungua pia. Msomaji na apime mwenyewe: mtu aliyekwisha kunyang'anywa nyama za miguu ananyang'anywa tena kile kidogo kilichobaki.

Hiyo ilikuwa dawa halisi, kwa wanaume, chini ya macho ya madaktari. Mwanamke akiipaka anaweza kuota ndevu na sauti yake ikawa nzito isirudi tena, na akiwa mja mzito humdhuru mtoto aliye tumboni. Mwaka 2009 wakuu wa dawa wa Marekani waliamuru onyo kali liandikwe juu ya jeli hizo, baada ya watoto wadogo kuanza kubalehe kabla ya wakati kwa kugusana tu na ngozi ya mtu mzima aliyejipaka.

Zaidi ya hayo, ni nani ajuaye kilichomo ndani ya kopo lisilo na maandishi? Krimu nyingi za mkorogo zimekutwa na steroidi kali. Steroidi zikipakwa kwa wingi na kwa muda mrefu hupenya ngozi na kuingia katika damu, na matokeo yake ni uso kuvimba kama mwezi, tumbo kujaa, miguu kukonda na kisogo kuota nundu. Mgonjwa anaweza kutoa fedha zake ili aondoe nundu, akapakwa nundu nyingine. Sheria ya Tanzania inakataza steroidi katika vipodozi. Hapana budi sheria hiyo itoke kabatini, iende sokoni.

Iko dawa moja, tesamorelini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010 kwa ajili ya kitambi cha namna hii. Hiyo haipakwi, huchomwa sindano kila siku, bei yake ni kubwa, na mgonjwa akiiacha kitambi hurudi. Tunaitaja ili ifahamike kwamba hata penye utajiri na maarifa, njia ya mkato haijapatikana.

Sasa tuseme na wahudumu wetu wa afya. Mgonjwa anapolalamika kwamba mwili wake umebadilika, mara nyingi hujibiwa: "Shukuru Mungu uko hai." Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Mtu anayeuonea haya mwili wake huacha kuhudhuria kliniki, kisha huacha vidonge. Na virusi vinavyorudi baada ya hapo huweza kuwa sugu kwa dawa zilezile zilizomwokoa. Mgonjwa wa namna hiyo hauawi na kitambi, huuawa na aibu.

Kwa hiyo wahudumu wamsikilize, wampime kiuno, sukari, mafuta ya damu na shinikizo la damu, wamfundishe chakula na mazoezi ambayo kwa hakika hupunguza shahamu ya tumbo, na panapohitajika tabibu ambadilishie dawa. Naye mgonjwa asibadili wala kuacha kidonge kwa shauri la mchuuzi, na aseme wazi kila anachojipaka. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Maadamu tunamtaka mgonjwa asifiche, ni wajibu wetu kuhakikisha kwamba akifunua hatachekwa.