Fomula Haisugui Kioo

Tangu González-Acuña na Chaparro-Romo wa Mexico wachapishe fomula yao ya lenzi isiyo na kasoro ya tufe (miale ya ukingoni kutokutana mahali pamoja na ile ya katikati) mwaka 2018, hatujapumua. Kila mara tunaambiwa kwamba fumbo la miaka 2000 limefumbuliwa, na kamera zitashuka bei. Hisabati yao naiheshimu: wape umbo la uso wa kwanza wa lenzi, nao watakupa umbo kamili la uso wa pili. Ila Descartes alishaonyesha nyuso zisizo na kasoro hii mwaka 1637, na wabunifu wa lenzi hukokotoa nyuso zao kwa kompyuta bila kuisubiri fomula hiyo. Tena fomula inahusu nukta moja kwenye mhimili na rangi moja ya nuru. Nani hupiga picha ya nukta?

Kulijua umbo ni sehemu nyepesi. Kazi iko katika kulisugua, na zaidi katika kulipima. Abishaye atazame darubini ya Hubble, iliyorushwa Aprili 1990. Umbo la kioo chake cha mita 2.4 lilijulikana barabara, na mafundi wakaking'arisha kwa ustadi wa ajabu, lakini kwa umbo lisilo sahihi. Ndani ya kifaa cha kupimia, lenzi moja ilikaa milimita 1.3 nje ya mahali pake; ukingo wa kioo ukasuguliwa kupita kiasi kwa takriban maikromita 2. Vipimo viwili vingine vilionyesha kasoro. Vikapuuzwa, eti kifaa kile cha kwanza ndicho sahihi zaidi! Desemba 1993 wanaanga walipanda kufunga vioo vidogo vya kusahihisha na kamera mpya. Hakuna fomula iliyokosekana hapo. Ilikosekana nidhamu ya kuuamini ushahidi usiopendeza.

Ndiyo maana makala kuhusu jaribio la Foucault, la kupima umbo la kioo kwa wembe na tundu dogo la nuru, imetangulia katika toleo hili, ingawa baadhi ya wenzangu waliiona ya kizamani. Mwandishi wa makala kuhusu Schmidt, fundi wa darubini, anaeleza vizuri uamuzi wake wa mwaka 1930 wa kukiacha kioo kiwe tufe na kutanguliza bamba jembamba la kusahihisha. Makala kuhusu vioo vya kuchomea kwa nuru ya jua vya Ibn al-Haytham ni fupi, isomeni.

Kwa toleo lijalo, wenye karakana tuleteeni matokeo ya vipimo vyenu, hasa yale yaliyowakatalia. Fomula tunazo za kutosha.