Fumbo Lisilo na Jibu

Wahenga walinena kuwa fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua. Katika uandishi wa programu za tarakilishi kauli hii imepinduka, kwani werevu huwafumbia werevu wenzao, na hao nao hushindwa. Chukua mchezo wa Quake III Arena, uliotolewa mwaka 1999. Ndani ya programu yake mna nambari 0x5f3759df, inayosaidia kukadiria upesi moja gawanya kwa kipeuo cha pili cha nambari, hesabu inayohitajika katika kuchora mwanga. Hila hiyo ilifaa, kwa kuwa tarakilishi za wakati huo zilikokotoa hesabu hiyo polepole. Hata hivyo, kando ya nambari yenyewe liliandikwa tusi la mshangao tu. Ilimbidi Chris Lomont aandike makala nzima ya hisabati mwaka 2003 ili kuifafanua.

Ujanja huo haustahili lawama. Kinacholaumiwa ni kimya kilichoufunika. Programu husomwa na kurekebishwa kwa miaka mingi, aghalabu na watu wasiomjua mwandishi. Anayewaficha maana huwatwika mzigo ambao mstari mmoja wa maelezo ungeutua. Hata katika vitendawili, aliyeshindwa hutoa mji, akapewa jibu.